Nilichuchumaa Mpira Ukiwa Hewani

Mimi ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga, nimeolewa na Mnyakyusa, na kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama baba mkwe wangu usoni. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mtu hataelewa ni kwa nini siku ile, mbele ya wageni kutoka nchi nne, mpira ukiwa hewani unakuja mikononi mwangu, niliugeuzia mgongo nikachuchumaa kama mwanamke anayechuma mboga.

Kwetu Uheheni mkwe anaheshimiwa. Unampigia goti, unamwita baba, mnaendelea na maisha. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mambo ya zamani, mke wa mwana na baba wa mume hawaonani kabisa. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, jina lake hulitaji, na mkikutana njiani wewe mwanamke ndiye unayetoka barabarani, unageuka, unachuchumaa mpaka apite. Familia nyingi za mjini zimelegeza, wengine siku hizi wanapiga hadi picha za pamoja kwenye sherehe. Familia niliyoolewa mimi haikulegeza kitu. Niliambiwa siku ya kwanza na shangazi wa mume wangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, na kwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikaitikia.

Basi nilimjua baba mkwe kwa vipande. Kofia ya pama ya kahawia. Koti refu la mvua. Mgongo mpana wa dereva wa malori aliyestaafu, aliyekula barabara ya Dar na Tunduma mpaka ikamchosha. Sisi tunaishi Mwanjelwa, yeye Uyole, na Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakwenda kwake. Alikuwa anakohoa kwanza kabla ya kuingia uani ili nipate muda wa kujificha jikoni. Akitaka kuniambia jambo alilisema kwa sauti akiwa sebuleni, kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu: "Mwambieni mama wa mjukuu wangu, zile ndizi alizopika zilikuwa nzuri." Nami jikoni nikamwambia mwanangu, "Mwambie babu nimeshukuru." Wote tulisikiana vizuri sana, ukuta wenyewe wa matofali ya kuchoma, dari hakuna. Mimi nina hasira za karibu, na mambo kama haya yalinichosha. Niliwahi kumwambia mume wangu kwamba nimeolewa na ukuta. Akacheka mpaka akakosa pumzi, na mimi sikuwa natania.

Raga niliianza ukubwani. Nafundisha michezo sekondari, nimecheza netiboli tangu nikiwa msichana, na siku moja mwalimu mwenzangu, Mbena mwenye miguu kama nguzo, alileta mpira wenye umbo la yai akasema anatafuta wanawake wasioogopa kuanguka. Niliangushwa siku ya kwanza nikala nyasi, nikainuka nikiwa nimeshaipenda. Raga ya wachezaji saba ni fupi, dakika saba, mapumziko ya kunywa maji, dakika saba nyingine, na uwanja ni mkubwa kiasi kwamba mtu mmoja akisinzia timu nzima imekufa. Unabeba mpira, unakimbia, unapasia nyuma, na ukifika nyuma ya mstari wa wapinzani unauweka chini kwa mkono. Hiyo ndiyo trai, bao lenyewe, pointi tano. Kwa urefu wangu na mikono ya netiboli nikapewa kazi ya kudaka mipira ya juu.

Tatizo lilikuwa kaptula. Shangazi alipoona picha yangu kwenye simu ya mtu, alikuja Mwanjelwa bila taarifa, akakaa kwenye stuli, akakataa chai.

"Mke wa watu unaonyesha mapaja barabarani."

"Uwanjani, shangazi."

"Na kaka yangu akipita? Macho hayana pazia. Siku mtakayokutana naye ukiwa hivyo, hizo nguo nitazichoma mimi mwenyewe, na wewe utakaa na mumeo mkizungumza kama mnataka ndoa au mnataka mpira."

Hakuwa anatishia bure, katika ukoo ule neno lake lilikuwa na uzito wa mihuri miwili. Jumapili iliyofuata mume wangu alilipeleka jambo kwa baba yake. Nilikuwa jikoni namenya viazi, kisu kimesimama. Halafu sauti ile nzito ikasema, ikielekezwa ukutani: "Mwambieni akacheze. Lakini mimi na yeye tusikutane huko. Tukikutana, basi, itakuwa mwisho." Nikamwambia mwanangu amwambie babu nimesikia. Niliitoa ahadi ile kwa moyo mweupe. Mzee alikuwa hatoki Uyole siku hizi, hata gari alikuwa ameacha kuendesha. Nikajua ni uzee.

Mashindano yalipokuja yalikuwa ya kimataifa kweli, ingawa madogo: Zambia, Malawi, Kenya, Uganda, na sisi wenyeji tulioungwaungwa kutoka Mbeya na Iringa. Yalifanyika Iringa, kwenye uwanja wa chuo kimoja nje kidogo ya mji, mwezi wa saba, baridi ya kukunja vidole na upepo usiopumzika. Mimi nilifurahi kuliko wote. Mbeya na Iringa ni mbali, na kati ya mkwe wangu na mimi kulikuwa na Chimala, Makambako, Mafinga, vituo vya mizani na milima yote ile. Nikacheza siku ya kwanza nikiwa mwepesi kama sina ukoo.

Siku ya pili asubuhi tuliwapiga Malawi tukaingia nusu fainali. Ushindi ule ulitugharimu. Mwenzetu mmoja aliteguka bega, mwingine goti lilivimba likawa kama boga, na wote wawili walikaa pembeni wamefunikwa mablanketi. Nusu fainali ilikuwa ni sisi na Zambia, na hatukuwa na mtu hata mmoja wa akiba. Mume wangu alikuwa amenipigia simu alfajiri akasema anakuja na gari la rafiki yake. Hakusema anakuja na nani.

Tulipoingia uwanjani sikutazama watazamaji. Nilimtazama mchezaji wa Zambia aliyekuwa amesimama katikati na mpira, dada mwembamba mwenye mguu wa kushoto wa hatari. Akaupiga juu. Upepo ukaushika ukausukuma kuelekea mstari wa pembeni wa kushoto, mimi nikarudi nyuma, mikono juu, naufuata mpira kwa macho. Na chini ya mpira, kwenye kiti cha plastiki karibu kabisa na mstari, ikaingia kofia ya pama ya kahawia na koti refu la mvua. Mara hii nilimwona kwa mbele.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Mwili ulikuwa umefundishwa Jumapili nyingi mno, ukafanya unachojua: nikageuka, nikainamisha kichwa, nikachuchumaa, mikono yangu ikivuta kaptula ifike magotini mahali ambapo haifiki. Mpira ukaanguka nyuma yangu. Mpira wa raga hauna adabu ukidunda, huu uliruka kando, Mzambia mmoja akauokota kama anaokota embe, akakimbia peke yake mpaka nyuma ya nguzo. Nikiwa bado nimechuchumaa nikasikia filimbi ya mwamuzi, halafu kicheko cha uwanja mzima.

Si wote waliocheka. Upande wa wauza mahindi ya kuchoma kulikuwa na akina mama wawili watatu ambao nyuso zao zilikaza. Wale walielewa, na kuelewa kwao kuliniumiza kuliko kicheko. Nikaona vijana wameinua simu. Video ile ilikuwa na uwezo wa kufika Uyole kabla sisi hatujafika mapumziko, na ikifika Uyole imefika kwa shangazi.

Muda wote uliobaki wa kipindi kile, wenzangu hawakuwa na mchezaji, walikuwa na mti. Kila mchezo ulipoelekea kushoto miguu yangu iliganda. Nilikimbia nikiwa nimegeuza shingo, nikiacha nafasi ya mita nyingi kati yangu na mstari. Wazambia si wajinga. Wakaliona pengo, wakaanza kulichimba. Pasi, pasi, kushoto. Pasi, pasi, kushoto. Nahodha wetu, msichana wa Kisangu kutoka Rujewa aliyekulia nyuma ya ng'ombe na anayejua kumzuia mnyama yeyote anayekimbia, aliwaangusha mara mbili peke yake. Mara ya tatu wakampita, wakaweka trai ya pili. Upepo uliwanyima mipira yote miwili ya kuongezea, ile inayopigwa kati ya nguzo kwa pointi mbili, ndiyo bahati pekee tuliyokuwa nayo. Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma kumi kwa bila.

Kocha, yule Mbena, alinishika mabega.

"Umeona nini kule? Nyoka?"

Nahodha ndiye aliyejibu, huku anatema maji. "Ni yule mzee. Kila tukienda kwake dada anaganda. Nani yule, dada?"

"Baba mkwe."

"Wa Kinyakyusa?" kocha akauliza.

"Wa Kinyakyusa."

Kocha akaachia mabega yangu, akashika kichwa chake. Wabena nao wana adabu zao za wakwe, hakuhitaji kuelezwa. "Na mume wako ana akili timamu kweli?"

Nilikuwa najiuliza hilo hilo. Nilimwona mume wangu amesimama karibu na kile kiti, ameinama anamnong'oneza baba yake, na nikatamani raga iruhusu kumwangusha mtazamaji. Nilichokuwa nakifikiria ni kwamba imekwisha. Mkwe ameniona, ahadi imevunjika, kaptula zitachomwa, na mimi nitarudi kuwa mwalimu anayesimama pembeni na filimbi akiwatazama wasichana wa watu wakikimbia. Machozi yalinijia ya hasira kabisa, si ya huzuni.

"Nitoe," nikamwambia kocha.

"Nikutoe nimuingize nani? Yule wa bega au yule wa goti? Ukitoka tunabaki sita."

"Basi nikamwombe mzee asogee," nahodha akasema, akaanza kuondoka.

Nikamdaka jezi. "Thubutu. Mkwe hafukuzwi mahali."

"Sasa tufanyeje, dada? Mimi nimetoka Rujewa, nimemwacha mama yangu kwenye mpunga peke yake kwa ajili ya hii mechi."

Mwamuzi akatuita. Nikainuka, nikajilazimisha kutazama upande wa kushoto, walau chini kwenye nyasi, nijue kiti kiko wapi ili nijue nisikanyage wapi. Ndipo nikaona miguu ya kiti imegeuka. Nikapandisha macho taratibu. Mzee alikuwa ameketi palepale, lakini ameugeuzia uwanja mgongo. Ameielekea mikaratusi iliyo nyuma ya chuo, mikono juu ya fimbo, wima kabisa. Kando yake kijana mmoja nisiyemjua alikuwa ameinama sikioni kwake, anazungumza na kuonyesha uwanjani kwa kidole.

Mgongo wa mkwe hauna mwiko. Mgongo ule nilikuwa naujua.

Sijui nielezeje kilichonipata. Mtu ametoka Uyole, amekalia kiti cha gari tangu usiku, amefika kwenye mechi, halafu ameamua kutazama miti. Amefanya hivyo mbele ya watu waliokuwa wanacheka. Niliona aibu, kisha nikaona kitu kikubwa kuliko aibu, na kwa kuwa sikuwa na muda wa kukitafutia jina nikakimbia nacho.

Kipindi cha pili nilicheza kama niliyefunguliwa kamba. Nilidaka mpira wa kwanza juu ya vichwa vya Wazambia wawili. Nilimwangusha yule dada wa mguu wa kushoto, akainuka akanitazama kama anayeuliza huyu ametoka wapi. Nahodha akapenya katikati, akaweka trai, na mpira wa kuongezea ukapita kwenye nguzo kwa huruma ya upepo. Saba kwa kumi. Baada ya hapo ikawa vita. Wakaja, tukawarudisha. Tukaenda, wakaturudisha. Mapafu yalikuwa yanawaka, hata sisi wa Mbeya tuliozoea hewa nyembamba ya milimani. Kwa mbali nilimsikia kocha akipiga kelele muda, muda, muda.

King'ora cha kumaliza muda kikalia, na mpira ulikuwa wetu. Raga haiishi kwa king'ora, inaisha mpira ukifa. Ukianguka vibaya, ukitoka nje, ukichukuliwa, basi mwisho. Kwa hiyo hatukuwa na ruhusa ya kukosea hata kidogo. Tukapasiana kwenda kulia, wakajaa kulia. Nahodha akaugeuza mchezo, akanitazama, na mimi nikaona alichokiona yeye. Kushoto kulikuwa kweupe. Wazambia walikuwa wamejifunza kipindi cha kwanza kwamba mimi huko siendi, hawakuacha mlinzi.

Akanirushia. Nikaudaka, nikakata kushoto.

Mstari wa pembeni ulikuwa pale, na kiti kilikuwa pale, na njia pekee ilikuwa kati ya mlinzi anayekuja kwa kasi na mgongo wa baba mkwe wangu. Uwanja ulikuwa unapiga kelele, kila mtu amesimama, watu wanaruka. Nikawaza: akigeuka sasa, kwa kelele hizi tu, mtu yeyote angegeuka. Nilikuwa najijua. Akigeuka nitachuchumaa na mpira mkononi, na kila kitu kitakufa hapo. Nikapita nyuma yake kwa ukaribu ambao ningeweza kumgusa koti. Yule kijana wa kumsimulia alikuwa ameshasahau kusimulia, anapiga mayowe tu. Mzee hakutikisika. Mlinzi alinishika kiunoni nikiwa hatua ya mwisho, tukaanguka wote wawili, na mkono wangu ukaubana mpira chini nyuma ya mstari.

Kumi na mbili kwa kumi. Walinirukia wote, hata wa bega.

Fainali ilikuwa jioni na Wakenya walitufundisha adabu, sitaki kuizungumzia. Ninachotaka kusimulia kilitokea katikati ya mechi hizo mbili. Mume wangu alinifanyia ishara kutoka mbali kwamba wanaondoka, mzee asichelewe njiani. Nami nikafanya kama inavyotakiwa, nikaenda kujificha nyuma ya tangi la maji, karibu na maegesho ya magari, nisubiri wapite. Nilikuwa nimejaa vumbi mpaka kwenye nywele. Nikachungulia mara moja tu kujua kama wameshapita.

Mume wangu alikuwa amemwacha baba yake penye kivuli cha ukuta na kukimbia kulileta gari. Mzee hakungoja. Alikuwa anakuja peke yake, polepole, kuelekea nilipokuwa, na kati yetu kulikuwa na mtaro mpya wa maji ya mvua, wa mawe, mtupu, wenye kina cha kumfika mtu kifuani. Alikuwa anatembea ameinua uso. Mkono wake mmoja ulikuwa mbele, vidole vimetanuka, vinatafuta kitu hewani. Fimbo ilikuwa inagonga chini kulia, kushoto, kulia. Uso wake ulikuwa umenielekea mimi moja kwa moja, macho wazi, na macho yale hayakuwa yananitazama.

Nilimtazama. Kwa mara ya kwanza nilimtazama baba mkwe wangu usoni, nikaona kile ambacho mtu yeyote mwingine angekuwa ameshakiona siku nyingi. Naye alikuwa hatua chache kutoka mtaroni.

Nikaangaza huku na huku nitafute mtu wa kumwambia amwambie. Hakukuwa na mtu.

"Baba, simama. Mbele yako kuna mtaro."

Fimbo ikakoma. Akageuza uso pembeni haraka, kwa adabu, kama kwamba yeye ndiye aliyeingia mahali pasipo pake. "Mwambieni," akaanza, halafu akasikiliza. Akasikiliza kwa muda. "Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, baba."

"Mtaro uko karibu?"

"Hapo hapo."

Alivuta pumzi. Kisha, bila kunigeuzia uso, akainyoosha fimbo yake kuelekea sauti yangu ilikotoka. Nikazunguka mtaro, nikaishika ncha ile nyingine. Nikamwongoza hivyo, mimi mbele na kaptula yangu na vumbi langu, yeye nyuma, fimbo katikati yetu.

Mume wangu alitukuta hivyo. Aliruka kutoka kwenye gari mlango ukiwa wazi, akasimama, hakujua aanze na nani.

"Tangu lini?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Tangu lini nini?"

"Macho."

"Presha ya macho. Lilianza la kushoto, mwaka jana likafuata na la kulia." Akanishangaa. "Hukujua? Sisi wote tunajua. Hata mtoto anajua. Hakuna aliyekuficha, si unamwona mwenyewe tu..." Akanyamaza katikati ya neno.

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulia, na yote mawili hayakufaa mbele ya mzee. Jumapili zote zile nilikuwa nachungulia dirisha la jikoni naona migongo miwili, mwana amemshika baba mkono wanatembea uani, nikasema moyoni, jamani, mume wangu anampenda baba yake. Gari ameliacha, nikasema uzee. Kumbe kila mwenye ruhusa ya kutazama alikuwa anajua, nikabaki mimi na viazi vyangu.

"Msigombane," mzee akasema. "Kosa langu. Nilimwambia anikalishe juu kule kwenye miti, nisikilize tu. Upepo haukuleta kitu. Nikamwambia anisogeze."

"Baba," nikasema, na nikashangaa jinsi neno lile lilivyotoka lenyewe, "kama huoni, kwa nini uligeuza kiti?"

"Wewe ulikuwa unaona," akasema.

Mume wangu akatazama matairi ya gari. Nilikumbuka shangazi na kiberiti chake, nikamtaja kwa woga, nikasema video imeshakwenda. Mzee akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Huyo niachieni mimi. Mwiko ni wa kwangu na wako, si wa kwake." Akashika fimbo vizuri zaidi, akanisukumia ncha yake kidogo kwamba twende. "Sasa niambie. Kijana niliyepewa alinisimulia vizuri mpaka mwisho, halafu akaanza kupiga kelele akanisahau. Nilisikia miguu inapita nyuma yangu. Ilikuwaje?"

Gari lilikuwa karibu. Nikaanza kumsimulia, tangu pale nahodha alipougeuza mpira akanitazama, naye akawa anapunguza mwendo ili tusifike kabla sijamaliza.